Je, Wajua? Kwa Nini Thanos Hafanani na Eros, Ndugu Yake wa Tumbo Moja

Waliovumilia kukaa hadi majina ya waigizaji yalipoanza kupita mwishoni mwa Eternals, filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Chloé Zhao, wanamkumbuka kijana mmoja aliyetokeza ndani ya chombo cha angani, nywele za mawimbi, tabasamu la mtu asiyewahi kukataliwa. Aliigizwa na mwanamuziki Harry Styles. Kijitu kifupi kiitwacho Pip ndicho kilichotangulia kumtambulisha kwa mbwembwe: huyu ni Eros, mwana wa mfalme wa Titan, ndugu yake Thanos.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Thanos tunamjua. Ni lile pande la mtu lenye ngozi ya zambarau na kidevu chenye mifereji, aliyealisha vidole mwaka 2018 katika Avengers: Infinity War na nusu ya viumbe hai wakapeperuka vumbi. Inakuwaje mtu huyo awe na ndugu mwenye sura ya binadamu, tena mzuri wa kutazamwa mara mbili?

Kwa ufupi, katika vitabu vya katuni vya Marvel, ambako wote wawili walizaliwa, Thanos na Eros ni ndugu kamili, baba mmoja mama mmoja. Kilichowatenganisha ni jeni iliyojificha katika damu ya ukoo wao. Lakini kuna jambo la ajabu zaidi ya hilo: Thanos alipochorwa mara ya kwanza, jeni hiyo ilikuwa haijabuniwa. Mwili ulitangulia, sababu ikaja miaka kadhaa baadaye.

Kabla ya kufika huko, yako majibu mengine yanayozunguka sana, na yanastahili kusahihishwa moja moja kwa sababu kila moja linaharibu hadithi kwa namna yake.

La kwanza ni kwamba mmoja wao alilelewa tu. Jibu hili lina mantiki, kwa kuwa katika filamu Thanos mwenyewe aliwachukua Gamora na Nebula akawaita binti zake, basi watu hudhani hata yeye aliokotwa mahali akaletwa nyumbani kwa kina Eros. Katika vitabu si hivyo. Thanos ndiye kifungua mimba wa A'Lars, anayejulikana zaidi kwa jina la Mentor, na mkewe Sui-San. Eros alimfuata. Hakuna kuasiliwa, hakuna ndugu wa kambo.

La pili ni kwamba Sui-San hakuwa wa damu ileile, kwamba alitoka kwa Deviants, ile jamii ya viumbe wenye maumbo ya kutisha wanaopigana na Eternals, jamii ya kina Thanos, watu wazuri walio karibu hawafi. Hili nalo si kweli. Sui-San alikuwa Eternal, mtoto wa Eternals waliohamia Titan zamani, na alikuwa mtu pekee aliyenusurika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyowamaliza wenzake wote huko. A'Lars alimkuta peke yake. Kumpachika asili ya Deviants ili kueleza sura ya mwanawe ni kumbebesha mama mzigo ambao hadithi haikumbebesha. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kisa chenyewe kinahusu mama aliyeteseka kwa ajili ya sura ya mtoto. Katika Thanos Rises, mfululizo wa mwaka 2013 ulioandikwa na Jason Aaron na kuchorwa na Simone Bianchi, Sui-San anamtazama mwanawe mchanga, akili inamruka, na anataka kumuua pale pale kitandani. Anazuiwa, anafungiwa kama mgonjwa wa akili. Kusema kwamba alijua, kwa kuwa asili hiyo ilikuwa yake, kunageuza mshtuko wa mama kuwa siri ya mama, na hapo kisa kinakuwa kingine kabisa.

La tatu ndilo gumu kung'oa, nalo ni kwamba sura ile ndiyo iliyomfanya muuaji. Nitalirudia chini, kwa sababu kulijibu kunahitaji kwanza tuielewe jeni yenyewe.

Asili ya jamii hii nitaipitia kwa haraka. Takriban miaka milioni moja iliyopita, kwa mujibu wa vitabu vya Marvel, majitu ya angani yaitwayo Celestials yalishuka duniani yakachukua mababu wa binadamu na kuchezea jeni zao. Matokeo yakawa matawi mawili ya pembeni. Tawi moja ni Eternals, wachache, wazuri, wenye kunyonya nguvu za anga katika kila seli ya mwili. Tawi la pili ni Deviants, wengi, na maumbo yao hayatabiriki. Sisi wengine tulibaki katikati. Baadaye msomi mmoja wa Eternals, Kronos, alifanya jaribio la nguvu za anga likamlipukia. Mji mzima uliangamia na yeye akapoteza mwili, akabaki roho inayoelea. Mlipuko huohuo uliamsha katika miili ya walionusurika uwezo uliokuwa umelala, na tangu hapo wakawa karibu hawafi. A'Lars ni mtoto wa Kronos. Alipomwachia kaka yake Zuras uongozi wa Eternals wa duniani, akaondoka kwenda Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Zohali. Titan halisi ina hewa nzito ya naitrojeni na baridi ya nyuzi 179 hivi chini ya sifuri, na waandishi hawakulipuuza hilo: watu wa A'Lars wanaishi chini ya ardhi, si juu yake.

Neno "karibu" katika kutokufa kwao lisipitwe. Eternal hazeeki wala haugui. Akili yake inaushika mwili wake kiasi kwamba jeraha ambalo lingemmaliza binadamu kwake linapona. Lakini ukifanikiwa kuzitawanya chembe za mwili wake mbali mbali, au ukiivunja akili inayoushika, anakufa. Wa Titan ni dhaifu kuliko wenzao wa duniani, kwa hiyo wanauawa kwa urahisi zaidi. Thanos alikuja kuwa wa kipekee kwa upande huu pia: mwili wake ulizaliwa na uwezo mkubwa kupita wa ndugu zake wa kunyonya nguvu za anga, kisha akauongezea kwa njia za kisayansi na za kichawi.

Sasa jeni. Vitabu vinasema Thanos alizaliwa na hali inayotokana na jeni ya Deviants, ndani ya mwili ambao vinginevyo ni wa Eternal kamili. Wengi hukwama hapa. Wanauliza jeni ya Deviants iliingia lini nyumbani kwa Eternals ikiwa hakuna Deviant aliyeingia.

Yeyote aliyewahi kupanda mahindi chotara ana jibu mkononi. Msimu wa kwanza unanunua mbegu dukani, unapanda, na shamba linasimama sawasawa, mabua kimo kimoja, mahindi yanabeba kwa wakati mmoja, magunzi yamejaa. Unavutiwa, unachagua magunzi bora, unakausha, unaweka mbegu kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ukipanda hizo, shamba linakushangaza. Bua hili refu, jirani yake amedumaa. Hapa kuna gunzi limejaa, pale lina mapengo. Wengine watasema muuzaji alikuchanganyia, au chavua imevuka kutoka shamba la jirani. Inawezekana, lakini hata shamba lako likiwa peke yake kisiwani bado litakufanyia hivyo. Usawa ule wa mwaka wa kwanza ulitokana na mkutano wa mistari miwili ya wazazi iliyotengenezwa kwa uangalifu. Tofauti zote zilikuwa tayari ndani ya kila punje, zimefunikwa. Kizazi kinachofuata kinapopanga upya urithi wake, kilichofunikwa kinafunuka, na kinafunuka kwa mmoja bila kufunuka kwa aliye kando yake katika gunzi lilelile.

Eternals ni shamba la msimu wa kwanza. Wanapendeza, wanafanana kwa uzuri, na wanaonekana jamii safi isiyo na doa. Lakini hawakuota wenyewe. Walitengenezwa katika jaribio lilelile, kutoka kwa mababu walewale, na mikono ileile iliyotengeneza Deviants. Kwa hiyo mtoto wa A'Lars na Sui-San hakuhitaji mgeni aingie usiku ili azaliwe tofauti. Alichohitaji ni upangaji mmoja wa urithi uangukie upande ule. Upangaji wa pili, ule wa Eros, ukaangukia upande mwingine. Na Deviants wenyewe, tukibaki katika shamba hilohilo, ni mbegu iliyorudiwa mwaka baada ya mwaka bila kikomo: kila mtoto anayezaliwa hafanani na mzazi wake wala na ndugu yake, na hali hiyo haitulii kamwe.

Mfano huu una mipaka. Mahindi yanafuata kanuni za urithi zinazopimika, na mtaalamu anaweza kukadiria ni mabua mangapi yatakuwa mafupi. Jeni za vitabu vya katuni hazina hesabu hiyo. Mwandishi akitaka mtoto awe na ngozi ya zambarau na kifua kama mlango wa ghala, jeni inatii. Ninachokitetea ni umbo la hoja: wazazi wawili wanaofanana wanaweza kumzaa asiyefanana nao, bila udanganyifu wa yeyote.

Nirudi sasa kwenye lile jibu la tatu, kwamba sura ndiyo iliyomharibu. Hapa inabidi kumtaja Jack Kirby, mchoraji na mwandishi aliyeanzisha mfululizo wa The Eternals mwaka 1976, kwa sababu ndani ya mfululizo huohuo aliweka wahusika wawili wanaolivunja jibu hilo.

Wote wawili ni Deviants. Mmoja anaitwa Karkas: mwili mkubwa mwekundu, mdomo wa kutisha, umbo ambalo mtoto angelikimbia. Karkas anafungua kinywa na yanatoka maneno ya mtu mwenye busara, mpole, anayetafakari maana ya kuwepo kwake. Wa pili anaitwa Ransak, na wenzake wanamwita Reject, yaani yule aliyekataliwa. Kosa lake ni kwamba alizaliwa na sura ya binadamu, kijana wa kupendeza. Kwa Deviants, ambao kwao kutofanana ndiyo desturi, uso ule laini ndio kilema. Walimtupa katika michezo ya kuuana, na alijifunza kuua kwa ukatili usio na mwisho. Wanapiganishwa wawili hao ukumbini, na Thena wa Eternals, aliyealikwa kutazama, anaondoka nao wote wawili ili kuwaokoa. Katika kurasa hizo chache, mwenye sura ya mnyama ndiye mstaarabu, na mwenye sura ya malaika ndiye wa kuogopwa. Reject ni Thanos aliyepinduliwa: mmoja ni Deviant aliyetoka na sura ya Eternal, mwingine ni Eternal aliyetoka na sura ya Deviant, na kila mmoja alizaliwa katika nyumba ambayo sura yake ilikuwa msiba.

Kirby aliiweka jeni mahali pake. Inaamua ngozi, mifupa, idadi ya vidole. Haiamui nani atamwonea nani huruma. Hata Eros wetu mzuri si ushahidi wa kinyume. Uwezo wake mkuu ni kuamsha raha katika ubongo wa anayemkaribia, na mwaka 2006, katika vitabu vya She-Hulk vilivyoandikwa na Dan Slott, alifikishwa mahakamani akituhumiwa kuutumia uwezo huo kwa mwanamke bila ridhaa yake. Swali zito lililosubiriwa kwa miaka mingi likaulizwa hatimaye, na likaulizwa kwa yule ndugu mwenye tabasamu.

Na Thanos wa Thanos Rises anaanza maisha akiwa mtoto mpole, hodari wa masomo, anayechefuka anapotakiwa kupasua mnyama darasani. Ana marafiki. Ubaya unamjia polepole, kwa kifo cha wenzake, kwa mapenzi yake kwa Mauti, ambaye katika vitabu hivi ni mhusika mwenye umbo la mwanamke, na kwa udadisi unaogeuka kuwa ugonjwa. Kuna mahali panapouma kusoma: kijana huyo anamlaza mama yake mwenyewe mezani na kumpasua ili aone ni kitu gani ndani yake kilichomzaa yeye akiwa hivi. Swali tunaloliuliza sisi baada ya kutoka sinema, yeye aliliuliza kwa kisu. Hakupata jibu humo. Jeni haionekani kwa kisu, na hata ingeonekana, isingemwambia alichokuwa akikitafuta.

Sasa lile la kuvutia zaidi: yote haya yalikuja baadaye.

Thanos alionekana mara ya kwanza katika The Invincible Iron Man namba 55, toleo lenye tarehe ya Februari 1973. Aliyembuni ni Jim Starlin, kijana aliyekuwa ametoka kusoma saikolojia chuoni na kuondoka na wazo la Freud kuhusu misukumo miwili ndani ya mtu, wa uhai na wa kifo. Akawafanya ndugu wawili, Eros na Thanos. Kwa hiyo tofauti ya ndugu hawa haikutokana na ukoo wala damu. Ilikuwa ndiyo mbegu ya wazo: mmoja uhai, mmoja kifo, na sura zao zikafuata.

Lakini hata umbo kubwa la Thanos halikuwa la mwanzo. Starlin mwenyewe ameeleza kwamba mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa mtu mwembamba, ukimfuata Metron, mmoja wa wahusika ambao Kirby alikuwa akiwachora wakati huo katika kampuni ya DC. Mhariri wake, Roy Thomas, alimshauri kwamba kama anaazima kwa Kirby basi aazime yule mnene, Darkseid. Starlin akamnenepesha. Ukikiweka kitabu cha 1973 kando ya The Infinity Gauntlet ya 1991, utaona unene huo ulivyoendelea: mabega yamepanuka, taya limezidi kuwa kama jiwe, na mifereji ya kidevu imekuwa mirefu.

Tazama tarehe. Thanos ni wa 1973. Eternals na Deviants wa Kirby ni wa 1976, baada ya Kirby kurudi Marvel. Kwa miaka mitatu Thanos aliishi na ngozi yake ya zambarau bila jeni yoyote ya Deviants, kwa kuwa Deviants walikuwa hawajawahi kuchorwa. Jamaa zake wa Titan walikuwa na majina ya Kigiriki, Kronos na Mentor na Eros, na hilo lilitosha. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo Mark Gruenwald na Ralph Macchio, katika visa vifupi vilivyochapishwa nyuma ya mfululizo wa What If?, walipoandika historia ya Eternals na kuufunga ukoo wa Titan ndani yake. Kronos wa Starlin akapewa mji, mlipuko na watoto. A'Lars akapata kaka duniani. Na Thanos, ambaye sura yake ilikuwa imekaa miaka bila kuhitaji maelezo, akapatiwa maelezo kutoka katika zizi la Kirby. Kirby hakumbuni Thanos, lakini umbo lake lilitoka kwenye kalamu ya Kirby kupitia Darkseid, na damu yake ikatoka kwenye kalamu hiyohiyo kupitia Deviants. Sijui mhusika mwingine aliyerithi mara mbili kwa mtu asiyekuwa baba yake.

Kwa sababu hiyo, ukikutana na habari zinazopingana, usishangae. Masimulizi ya awali yanasema Sui-San alikufa Thanos aliposhambulia Titan kwa mabomu ya nyuklia, na ya 2013 yanamweka mezani chini ya kisu. Filamu nazo zina njia yao: ndani yake Eternals ni viumbe waliotengenezwa na Arishem wa Celestials, si waliozaliwa, jambo linaloliacha neno "ndugu" la Pip likiwa halina mguu wa kusimamia hadi filamu nyingine iamue. Hata sababu ya kuua nusu ya viumbe inatofautiana. Katika filamu ni uhaba wa rasilimali. Katika vitabu vya 1990, vilivyoandikwa na Starlin na kuchorwa na Ron Lim, Mauti ndiye anayelalamika kwamba walio hai wamezidi wote waliowahi kufa, na ndiye anayemfufua Thanos ili arekebishe.

Mabadiliko makubwa ya karibuni ni ya mwaka 2021, mfululizo wa Kieron Gillen na mchoraji Esad Ribić. Humo Eternals wa duniani ni 100 tu, na akifa mmoja, mtambo ulio ndani ya dunia unamrudisha, kwa gharama ya uhai wa binadamu mmoja asiye na habari. Kuzaana si kawaida yao tena. Kwa hiyo uzito wa swali umehama: kabla ya kuuliza kwa nini A'Lars na Sui-San walimzaa mtoto wa namna ile, inabidi kuuliza iliwezekanaje wazae kabisa, na walilipa nini ili wapate. Gillen alilitolea toleo maalumu. Kwa anayetaka kulifuata swali hili kwenye kurasa zenyewe, ningemshauri aanze kwa Kirby mahali Karkas na Reject wanapoingia, kisha asome Thanos Rises, ndipo aliguse la 2021. La mwisho linaandikwa kwa mtu ambaye tayari anawajua wazazi hao.